Vumbi la Kisongo Halipendi Mafuta

Eliakunda, mkanda wako uko tayari.
Nimeushona mara mbili, uzi wa nta,
usiulegeze hata ukishiba.
Bastola ikae juu ya nyonga,
pale mkono unapoangukia wenyewe
ukishachoka kubishana.

Kesho una silaha tatu na mikono miwili.
Hesabu hiyo ndiyo mchezo wote.

Umeniuliza habari ya darubini.
Lomayani amenunua ile kubwa,
bei yake ingeezeka jiko langu na choo.
Inaona vizuri, sikatai.
Lakini mle machimboni shabaha kumi ziko hatua saba,
na mbili tu ziko kule juu ya kifusi,
ambako upepo wa Monduli hugeuka ghafla
kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.
Chukua ndogo. Iache kwenye moja.
Ukifika kwenye kifusi ndipo uizungushe hadi nne,
na usipokumbuka, piga hivyo hivyo.
Mimi mwaka juzi sikukumbuka.
Moja ilianguka.

Bunduki ya marisau ndiyo itakayokuaibisha.
Kupiga si kazi. Kazi ni kulisha.
Vijana hukamata risasi nne kwa mkupuo,
vidole virefu, vya kupigia gitaa la kwaya.
Vyako vifupi kama vyangu: shika mbili.
Mbili zilizoingia ni nyingi
kuliko nne zinazobingirika kwenye changarawe.
Fanya zoezi usiku kwa maganda matupu,
macho ukutani, usiuangalie mkono.
Mkono huo haujawahi kukosa mdomo gizani;
na tumbo la bunduki utalijua.

Sasa mafuta.
Hapa nisikilize, hata kama kwingine hukusikiliza.
Vumbi la Kisongo halipendi mafuta,
au linayapenda mno, sijui,
ila likiyakuta haliondoki.
Mwaka ule niliipaka raifali kama bibi harusi.
Risasi ya sita ikakwama.
Nikavuta, nikavuta,
Nanyaro ameshika saa yake, haoni haya kuhesabu,
na nyuma yangu mtu akakohoa.
Kikohozi kile nakisikia mpaka leo
nikipepeta maharage.
Basi futa hadi kitambaa kitoke kikavu.
Kisha tone moja.
Nimesema moja.

Wahenga walisema haraka haina baraka.
Hawakupimiwa sekunde, wale.
Haraka unayo ruhusa, lakini ikae miguuni:
toka kituo hadi kituo kimbia
kama umesikia maji yametoka bombani.
Mtutu uelekee kifusi, kidole kiwe nje.
Ukilivunja hilo watakurudisha kabla ya chai
na mimi nitakuwa upande wao.
Macho yatangulie kufika.
Yakifika, mpe kidole nusu pumzi.
Sahani ikigoma kuanguka, usiitukane,
ni chuma, haina wivu na wewe.
Irudie mara moja. Ikigoma tena, lipa adhabu, nenda.
Kuna watu wamesimama mbele ya sahani moja
mpaka siku yao ikaisha.

Hukuniuliza kwa nini sishindani.
Jicho la kulia limeanza kumwagiwa maziwa.
Tundu la sindano bado nalipata, kwa kupapasa,
shabaha haipapaswi.
Ndiyo maana mkanda una tundu la nne, la zamani:
ni kiuno changu hicho. Usilizibe.

Ukimaliza, hesabu risasi zilizobaki mbele ya afisa,
tia saini, soma kwanza.
Halafu okota maganda ya shaba, ya bastola, manane,
uniletee.
Nikiyakata matako yanakuwa vifungo,
na koti la mzee wa kanisa
lina wiki ya tatu linanisubiri.